Lori Linapimwa kwa Mkono

Gari halifi kwa uzee. Gari linauawa, na muuaji ni mtu anayeamka asubuhi, anapiga ufunguo, anaondoka. Nikimwona mtu wa hivyo hapa kwetu Ipogolo, Iringa, namfuata mpaka dirishani, hata kama simjui: "Kaka, oili umepima?" Wapo wanaonijibu vizuri, na wapo wanaoniambia nikapike. Haya. Baada ya siku chache nawakuta mlimani boneti liko wazi, mvuke unafuka, nami napunguza mwendo ili wanione vizuri. Nikishacheka nasimama, nawasaidia. Mimi ni mwanamke, naendesha lori la tani saba, na roho mbaya sina.

Lori letu ni kuukuu. Msimu wa mavuno linabeba mpunga kutoka Madibira kuleta Iringa, na mpunga ukiisha tunapakia nyanya Ilula. Watu wananiuliza linaendeleaje kutembea wakati malori mapya yanalala gereji. Nawaambia linatembea kwa sababu kila asubuhi linashikwa. Naam, linashikwa kwa mkono, nati moja moja.

Yote haya nilifundishwa na baba yangu. Na baba, wakati ananifundisha, alikuwa haoni. Nalisema hili mapema kwa sababu sipendi habari za kufichana, nilishafichwa vya kutosha. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kazi, la kulia lilikuwa na utando mweupe, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameshika usukani, akishuka bondeni kila wiki na mizigo ya watu na watu wenyewe juu yake. Mimi nilikaa ubavuni pake zaidi ya mwaka na sikujua. Mjuaji kama mimi!

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Mbeya. Duka la vitenge lilinishinda, ndoa nayo ikanishinda, nikashuka Ipogolo na cherehani na mabegi mawili. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, baba yuko peke yake na kuku na lori. Hakuniuliza kitu. Aliitazama cherehani, au nilidhani anaitazama, akasema, "Hiyo na lori ni kitu kimoja. Vyote vinataka mafuta na mtu asiye na haraka. Kesho alfajiri uje."

Somo la kwanza lilikuwa tairi. Baba alikuwa na gongo la mti mgumu, akizunguka lori analigonga kila tairi na kutega sikio. "Usiliangalie," aliniambia, "tairi linamdanganya anayeangalia." Na ni kweli, hilo nakuapia. Nyuma matairi yamekaa mawili mawili, la ndani likiishiwa upepo la nje linalibeba, kwa macho unaona yote yamesimama vizuri. Ligonge. Lenye upepo linarudisha gongo na sauti yake iko wazi, lililolegea linameza pigo kama gunia la pumba. Niliyapata matatu hivyo mwaka wa kwanza tu, na yote matatu yangepasuka njiani.

Baada ya tairi, nati. Unapitisha kidole kuzunguka kila moja. Iliyoanza kulegea inaacha unga mwembamba wa kutu, utausikia kidoleni kabla hujauona. Halafu oili. Baba anachomoa kile kijiti cha kupimia, ananipa. "Soma."

"Iko katikati ya alama, baba."

"Rangi?"

"Nyeusi."

Hapo anakichukua, anasugua oili kwa vidole viwili, ananusa. Oili yenye maji inateleza vibaya na haina harufu yake, na ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa usiwashe kabisa, kaa chini utafute fundi. Kikopo cha mafuta ya breki: "Soma." Maji ya rejeta: "Soma." Saa ya mafuta ya dizeli: "Soma." Mimi nilisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, nikijisifu moyoni kwamba mzee ameniona nina akili, ndiyo maana ananifundisha kila siku bila kuchoka.

Ngoja niwape na mengine, maana sijui kuweka elimu mfukoni. Tangi la dizeli likipata ufa njiani, futa pakauke, chukua sabuni ya kipande, ile ya kufulia, ikandamize kwenye ufa mpaka ijae, kisha zungushia utepe wa tyubu kuukuu ukiuvuta kwa nguvu zako zote. Itakufikisha nyumbani. Ukifika usimwite mchomeleaji siku hiyohiyo. Tangi limwagwe, lioshwe, lijazwe maji kwanza, la sivyo mvuke wa dizeli utalipuka na mtazikwa wawili. Panya wanapenda lori la mpunga na wakishiba mpunga wanakata waya: saga pilipili kichaa, changanya na grisi, paka waya zote, na unawe mikono kabla ya kugusa macho. Asubuhi za baridi ya Mafinga, zile za Juni na Julai ambapo hata mbwa hataki kutoka, injini ikigoma weka jiko la mkaa chini ya trei ya oili, mbali na bomba la dizeli, unywe chai taratibu. Ukimaliza kikombe cha pili itawaka. Na anayekwambia mafuta ya breki yakiisha utie maji ya sabuni, mwambie aanze yeye na wanawe. Thubutu! Sabuni ni ya tangi, breki hazichezewi.

Mlimani sheria ni moja: gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Wako wanaoachia gari literemke bure bila gia, eti wanaokoa mafuta. Wanaokoa mafuta, wanapoteza roho.

Sasa, barabarani. Baba alikuwa na mtindo wa kuniuliza maswali tukienda.

"Mbele kuna nini?"

"Ng'ombe."

"Upande upi?"

"Kushoto, baba. Wanavuka."

"Wana mtu?"

"Mtoto yuko nyuma yao."

Anapunguza, anapiga honi, tunapita. Nilidhani ni mtihani. Siku nyingine nilichoka, nikamwambia, "Baba, nami si nimeshafaulu?" Akacheka peke yake, akasema, "Dereva hafaulu, dereva anaendelea tu kufanya mtihani." Nilimwona mtu wa busara sana.

Katika kabini tulikuwa na abiria wetu wa kudumu, mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, Mwislamu wa pale mjini Iringa, aliyekuwa akitukodi tangu mama yangu yuko hai. Mama wa mchele alikuwa na tabia iliyonikera. Kila tukikaribia tuta au kona anasema kwa sauti, "Bismillahi, tuta hilo!" "Bismillahi, kona ya kulia!" Nilijua ni mwoga. Siku moja nilimwambia, "Mama, si ungeomba kimoyomoyo tu, Mungu anasikia." Akaniangalia, na tuta lililofuata akalitangaza kama kawaida. Na nyuma kwenye bodi, wanawake waliopanda na magunia yao matupu walikuwa na desturi ya kugonga paa la kabini kwa viganja. Nilidhani wanaimba.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mwezi wa Ramadhani, tunatoka Mafinga kushuka Madibira. Mama wa mchele alikuwa amefunga, na jua lilimzidi, akalala kichwa kikiwa kwenye kioo. Wanawake wa nyuma walikuwa wamejifunika turubai kukwepa vumbi. Mimi niliinama chini ya kiti natafuta spana iliyokuwa inagongagonga na kunitia hasira. Nilikaa kule chini dakika moja, labda mbili. Nilipoinua kichwa niliona matawi.

Kila anayesafiri kwetu anajua matawi. Gari likiharibika, dereva anakata matawi mabichi, anayalaza barabarani mafungu mafungu, kutoka mbali mpaka lilipo gari. Ukiona fungu la kwanza unaondoa mguu, la pili unashika breki, la tatu umeshasimama. Hata mtoto anajua. Baba alikuwa ameshalikanyaga la kwanza na mwendo ni uleule. Mbele, baada ya kona, lori la mbao limekaa nusu ya barabara, na miguu ya mtu imechomoza chini yake.

"Baba! Matawi!"

Akasema, "Yako wapi?"

Akashika breki papo hapo, hilo namsifu, mguu wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yangu. Lori likalia, likavuta kushoto, likaingia kwenye majani, kioo cha pembeni kikapasuka kwenye kona ya ile shehena ya mbao. Likasimama. Kati ya bampa letu na ile miguu palibaki nafasi ya kulaza jembe. Breki zilishika kwa sababu juzi yake nilizitoa upepo mwenyewe, pembe zote nne, na siku zote nitalisema hilo kwa majivuno. Lakini breki hazikuwa shida yetu. "Yako wapi?" Mtu mwenye macho haulizi matawi yako wapi wakati yako chini ya tairi lake.

Yule mtu akatoka uvunguni mbio, amepauka vumbi, ana spana mkononi, anakuja kwetu na matusi yameshajaa mdomoni. Akafika dirishani. Akaona kichwa cheupe cha baba. Mkono ukashuka.

"Shikamoo, mzee. Poleni na safari."

"Marahaba, mwanangu. Pole na gari."

Basi! Yaliisha hapo. Ingekuwa ni mimi niliyekaa kwenye usukani angenitukana mpaka ukoo wangu wote ungepiga chafya. Nilishuka, nikaanza kumfokea mama wa mchele, maana ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwambia baba haoni, mama, baba haoni! Akafuta uso kwa ushungi wake.

"Mwanangu, kwani ulikuwa hujui? Mimi tangu masika ya mwaka jana namsomea matuta."

Wanawake wa nyuma walikuwa wameshuka. Nikawatazama, wakatazama chini. Mmoja akasema kwamba wao walikuwa wanagonga paa, pigo moja likiwa ni gari linalokuja, mawili ni watu.

"Mnajua, na mnapanda?"

"Sasa mzee wa watu umwambieje?" akajibu. "Umwambie wewe kipofu, shuka? Ametubeba tangu tuna mimba za kwanza."

Nilitaka kuwapiga wote, haki ya Mungu. Hivi ndivyo tulivyo kwetu: mzee hakosolewi, tunamzungushia heshima pande zote mpaka heshima yenyewe inamtia korongoni na sisi juu yake. Kisha nikakumbuka kile kijiti cha oili. Soma. Rangi? Mbele kuna nini? Hasira ikanigeukia mwenyewe. Wale waligonga paa wakijua. Mimi nilikuwa macho yake kila siku, na nilidhani mimi ni mwanafunzi wake tu.

Nikarudi mlangoni kwake. Alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Baba, toka hapo."

Sikuwahi kumwambia hivyo tangu nizaliwe.

"Lori ni langu," akasema.

"Ni lako. Toka."

 Akasema taratibu, bila ukali, "Ukinitoa hapa, mimi nakuwa nani?"

 Natamani ningeweza kusema nilimjibu vizuri. Nilimwambia, "Sijui, baba. Lakini yule chini ya lori ni mtoto wa mtu." Akatoka. Akapapasa mlango, akapapasa mbele ya gari, sasa bila kujificha, akapanda upande wa pili. Mimi, niliyekuwa nimeliendesha uwanjani tu, nilishusha lile lori mpaka Madibira gia ya pili mwanzo mwisho, na yeye akinielekeza kwa kusikiliza injini tu: "Usikanyage klachi. Iache ilie. Iache." Tulipofika tambarare akaacha kunielekeza, na tukarudi hivyo hadi Ipogolo.

Wiki tatu hakuniongelesha zaidi ya salamu. Namwambia twende hospitali, anasema macho yake ni ya uzee. Namwambia ni mtoto wa jicho, linatolewa, watu wanatolewa kila siku, anasema apelekwe aliye mgonjwa. Wazee wenzake wa kanisani walikuja kumpa pole, wakamkuta ameketi kwenye kigoda uani, amegeukia lilipo lori. Nililia jikoni, siwezi kuficha. Nilimwondoa kwenye kiti chake mwenyewe mbele za watu, na sikujua kama nimemwokoa au nimemwua pole pole.

Mwisho akaniambia mwenyewe, siku nabadilisha fenibelti naye ameshika kopo la nati. "Nikienda na daktari akasema basi, ndiyo basi. Nikikaa hapa bado naweza kusema kesho."

Hapo nikampata. "Baba, gari likikohoa wewe huwa unalificha uani unasema kesho? Ulinifundisha nini? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Usinisomee methali, mimi si mtoto."

"Basi usiwe kama wale tunaowacheka mlimani."

Akatikisa lile kopo la nati, akafikiri. Akasema, "Nikirudi naona, kiti ni changu."

"Ukirudi unaona, ufunguo huu hapa."

Niliahidi, na nilimaanisha. Lakini mimi nilikuwa nimeshalipenda lile lori. Nilikuwa nimeshajua mlima wote kwa gia, wenye mizigo walikuwa wameanza kuniita mimi, na mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeweza kuniambia nimeikosea. Niliomba baba aone. Na kuna asubuhi niliomba huku najiuliza mimi nitakwenda wapi akiona. Mungu anisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Tulikwenda Mbeya na lori lenyewe, maana alikataa basi. Alikaa kushoto kama mgeni, ameshika kofia mapajani. Daktari alimpima akasema jicho la kushoto limeshakufa, si utando tu, hilo tumechelewa. La kulia linafunguka. Wakalifungua. Nililala nje kwenye kabini na blanketi mbili, kwa baridi ile ya Mbeya, na kesho yake asubuhi wakaja kutoa bandeji.

Alitoka mwenyewe mpaka uwanjani nilipoegesha. Alitembea bila kunyoosha mikono. Akasimama mbele ya lori, akalitazama kuanzia bampa hadi nyuma, akazunguka lote, akarudi.

"Limechakaa hivi?" akasema. "Na wewe uliniambia ulilipaka rangi."

"Nililipaka. Ndiyo rangi hiyo."

"Mbaya sana."

Nikacheka, nikachomoa ufunguo mfukoni. Ahadi ni deni. Nilimnyoshea, nikamwambia, "Haya, kiti chako hicho." Hakuuangalia ufunguo. Alikuwa ananiangalia usoni, amesogea karibu mno, jicho lile limejaa maji. Akaniinamisha kichwa kwa kiganja, akanivua kitambaa, kama nilivyokuwa mtoto na yeye anatafuta chawa.

"Mvi hizi zimeanza lini?"



"Siku nyingi, baba."

"Zimejaa kichwa kizima," akasema. "Na mimi nilikuwa nakaa na wewe humo kabini kila siku."

Akanirudishia kitambaa changu, akazunguka mbele ya lori, akafungua mlango wa kushoto, akapanda, akafunga. Nilibaki nimesimama na ufunguo. Akateremsha kioo.

"Panda uendeshe. Mimi nina mengi ya kuangalia."

Nikawasha, tukatoka. Uyole tulipita, Igurusi tukapita, na kila nikimwibia jicho namkuta amenigeukia mimi, barabara hana habari nayo. Nikamwambia aangalie mbele, ananitia aibu. Hakunisikia, au alijifanya hakusikia.